Siki ya Berthe

Bi Raymonde anaapa kwamba Mzee Aristide alipanda juu ya kiti. Tena si kiti hivi hivi, anasema, kiti chenye mto, katikati ya chakula cha Jumapili, kitambaa cha kulia bado kinaning'inia shingoni, akanyoosha mkono kama askofu na kutangaza: "Divai nyekundu ya kilima hiki, hata iwe kongwe kuliko meno yangu, nipeni bila kuniambia ni ipi! Nitawatajia zabibu, udongo, mteremko, mwaka na mkono ulioiponda. Nikikosea hata kimoja, ufunguo wa pango la divai nauvua shingoni namvika huyu mtoto!" Kisha, kwa maneno ya Bi Raymonde, akaruka chini kama kijana wa miaka ishirini, sahani tatu zikavunjika.

Perrine, ambaye ndiye "huyu mtoto", ana miaka ishirini na sita, na siku hiyo alikuwa amekaa palepale mezani akikata jibini la mbuzi. Hakuna aliyepanda kiti. Goti la babu yake halipandi hata kitanda bila kusaidiwa. Sahani iliyovunjika ilikuwa moja, na aliyeivunja ni paka. Lakini maneno yenyewe yalisemwa, na hapo Perrine hana ubishi. Bi Raymonde anakaa nao ukuta mmoja, husikiliza kwa glasi aliyoiegemeza ukutani, na glasi ile haijawahi kuangusha neno. Picha tu ndizo anazojichorea mwenyewe.

Kabla supu haijapoa, kijiji kizima cha Cravelle kilikuwa kimeshajua. Mzee Aristide alipotoka jioni kufunga kuku, watu wawili waliompita barabarani walimwangalia shingoni.

"Nilikuwa natania," alimwambia Perrine aliporudi ndani.

"Sawa, Babu."

"Mtu akiwa anakula anasema mengi."

"Sawa, Babu. Ila Bi Raymonde ameshampigia simu Bwana Gatien, na Bwana Gatien ameshaliandika jina lako ubaoni. Kwenye kuonja divai siku ya Mtakatifu Vincent, chupa ya mwisho ni yako."

Mzee akaketi, akamtazama paka kwa chuki.

Mambo yote yalianzia kwenye pipa la sita. Tangu Krismasi pipa hilo lilikuwa limeanza kunuka yai bovu, kwa mbali, harufu ya kukupita tu kama mtu uliyemfahamu zamani. Perrine aliisikia wa kwanza, kwa sababu kazi yake kwa miaka tisa imekuwa kuosha, kujazia, kufagia na kunyamaza, na anayenyamaza hunusa sana. Divai ile ilikuwa inaomba hewa. Ilitaka kuhamishiwa pipa jingine mapema, kabla mwezi haujaisha, la sivyo yai lingehamia moja kwa moja. Babu yake akasema subiri. Subiri mwezi mwandamo, subiri upepo ugeuke, subiri mimi niamue. Na pango, lililochongwa ndani ya mwamba mweupe nyuma ya nyumba, lina mlango mmoja, na mlango una ufunguo mmoja, na ufunguo uko kwenye uzi wa ngozi shingoni mwa Mzee Aristide, hata akioga. Perrine alipouomba kwa mara ya nane ndipo mzee alipopandwa na hasira, akaapa vile alivyoapa.

Basi Perrine akawa na siku kumi na moja za kutafuta chupa.

Si kazi rahisi kumkosesha Mzee Aristide. Hapo Bi Raymonde mwenyewe hatii chumvi. Mzee aliwahi kunusa kizibo tu akataja jina la punda aliyebeba zabibu. Divai za majirani wote anazijua kama sauti zao. Divai zake mwenyewe anazijua kama kikohozi chake. Perrine alipitia rafu zote kichwani, usiku kitandani na mchana akipogoa mizabibu kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, na kila chupa aliyoifikiria aliona babu yake akicheka kabla hajameza.

Mpaka asubuhi moja, ndani ya pango, alipomwona amekaa kwenye benchi lake.

Benchi lile ni ubao mnene uliolazwa juu ya makreti mawili ya mbao. Mzee hukaa hapo kila siku anapoonja mapipa yake, na ndani ya makreti yale, shingo zimelala kuelekea ukutani, mna chupa ishirini na nne ambazo yeye huziita siki ya Berthe.

Berthe alikuwa mkewe, bibi yake Perrine, mshona ndara wa kijiji, aliyefariki miaka minne iliyopita. Kijiji chote kinaijua hadithi ya siki. Mwaka 1989, wiki mbili kabla ya mavuno, Aristide aligombana na Onésime, mwenye mizabibu ya jirani juu ya kanisa, kuhusu mpaka wa hatua moja na nusu. Alipokosa la kusema alilipiga teke pipa la Onésime akidhani ni tupu. Lilikuwa limejaa. Mguu ukavunjika mahali pawili, akalazwa kitandani mpaka Krismasi, na Berthe akavuna, akaponda, akachachua na kujaza mapipa peke yake, na dada yake tu wa kumshikia mpira wa maji. Aristide alipoinuka kitandani hakuionja. Alisema divai isiyopita mkononi mwake ni siki. Mapipa yakauzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa Saumur. Berthe hakubishana. Alijaza chupa ishirini na nne, akazifunga kwa nta, akaziweka chini, na mume wake akaweka ubao juu yake na kukaa.

Perrine alikumbuka jambo moja tu zaidi. Kila mwaka, siku ya Mtakatifu Vincent, bibi yake aliingia pangoni na kitambaa kikavu, akapangusa makreti yale mawili, na hakupangusa kitu kingine.

Je, ilikuwa siki kweli? Hakujua. Ikiwa siki, babu yake angeitambua kwa pua moja, angepiga paja na kucheka mpaka Pasaka, na ufunguo ungebaki pale pale. Kuionja kwanza ingemlazimu aibe chupa mbili, na pangoni hukaa mzee. Aliwaza siku mbili. Siku ya tatu, babu yake alipompa mgongo akigonga pipa la mwisho kwa fundo la kidole, Perrine aliinama kana kwamba anafagia, akatoa chupa moja, akaitia ndani ya buti lake la mpira. Alitembea kutoka pangoni hadi nyumbani kama mtu mwenye goti la babu yake.

"Umeumia?" mzee akauliza.

"Kidogo."

"Ni ukoo."

Chupa aliipeleka kwa Bwana Gatien, mwenyekiti wa Jumba la Tufe, aliyekuwa mpeleka barua miaka thelathini na minne na hajawahi kumwaga siri ya mtu. Bwana Gatien aliiangalia ile nta nyekundu juu ya kizibo, akamwangalia Perrine, akaitia chupa ndani ya soksi ya sufu, akasema, "Sijaona kitu."

Jumba la Tufe ni la kuviringishia tufe, na sakafu yake ni laini kama shavu, kwa hiyo hakuna anayeingia na viatu. Waziri akija, atavaa ndara. Siku ya Mtakatifu Vincent, mlinzi wa wakulima wa mizabibu, baada ya misa, wakulima wa Cravelle walikuwa wamejaa mle ndani na suti zao za kanisani na ndara zao za nyumbani, za manyoya, za miraba, jozi ya Bwana Gatien ikiwa na masikio ya sungura kwa sababu mjukuu wake ndiye aliyemnunulia. Mikate midogo ilitoka ovenini ikipasuliwa na kujazwa maharage na siagi. Ukutani, nyuma ya pazia dogo, ilining'inia picha ya Bi Fanny, mwanamke wa kuchorwa aliyewageuzia watu mgongo na sketi ameipandisha hadi kiunoni. Mchezaji asiyepata pointi hata moja hupiga magoti na kumbusu pale alipowageuzia. Na wanapoonja divai, busu hilo ni la mtu mmoja tu: anayeikana divai ya nyumba yake mwenyewe. Halijatolewa tangu enzi za babu zao.

Bwana Gatien alijifungia jikoni na ile chupa. Perrine alisimama mlangoni akisikiliza kizibo. Hakikutoa mlio, kilitoka kwa kunung'unika. Kisha Bwana Gatien akatoka na soksi yake, uso kama bahasha iliyofungwa. Perrine alitafuta katika uso ule dalili yoyote ya siki. Miaka thelathini na minne ya barua ilimtazama tu.

"Mzee Aristide," Bwana Gatien akasema, "chupa ya mwisho."

Mzee akatoka mbele, akapandisha suruali, akapokea glasi. Bi Raymonde alisimama juu ya benchi, yeye kweli kweli, ili asikose kitu.

Aristide akaingiza pua. Akafumba macho.

"Nasikia..." alisema taratibu, "nasikia sufu. Nasikia mbuzi. Nasikia mguu wa mwanamume aliyetembea sana."

"Hiyo ni soksi yangu," Bwana Gatien akasema. "Sogeza pua."

Vicheko vikapasuka mpaka pazia la Bi Fanny likatikisika. Mzee hakucheka. Aliinua glasi kwenye dirisha, akaangalia ukingo wa divai.

"Pembeni imekuwa rangi ya tofali. Miaka thelathini, na juu kidogo." Akanusa tena. "Tandiko la farasi. Uyoga. Maganda ya penseli. Kabati la bibi."

"Bibi yupi?" Bi Raymonde akapaza sauti.

"Bibi yeyote, we Raymonde, ninaonja!"

"Kabati langu halina uyoga!"

"Shuka chini, mama, utavunjika." Akameza. Na hapo Perrine aliona kitu ambacho hajawahi kukiona: babu yake alisahau kutema. Kwa kawaida hutema ndani ya ndoo kwa nguvu hata ndoo husogea. Safari hii koo lilishuka, likapanda, mikono ikabaki imeshika glasi kama inashika kifaranga.

Si siki. Perrine akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Zabibu ni yetu, hakuna haja ya kusema," mzee akaanza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Udongo ni wa chokaa. Divai ya changarawe, ya kule chini mtoni, inakusalimia mlangoni na kwenda zake. Hii imeingia, imevua koti, imekaa. Mteremko wa juu ya kanisa."

"Sahihi," Bwana Gatien akasema, maana Perrine alikuwa amemwandikia yote kwenye karatasi.

Pumzi ile Perrine akairudisha ndani.

"Mwaka. Harufu ya pilipili hoho, ile ya zabibu zisizoiva, imekwisha kabisa, kwa hiyo jua lilikuwa kali. Tisini? Tisini ingepiga kelele. Hii inanong'ona. Themanini na tisa."

"Sahihi."

Watu wakaanza kupiga sakafu kwa ndara, pufu, pufu, pufu. Vinne kati ya vitano. Perrine alikuwa amesahau kwamba babu yake ni fundi kweli. Ndilo kosa la kuishi na mtu. Sasa kilichobaki ni mkono, na juu ya kanisa kuna mizabibu ya nyumba mbili tu. Akaliona pipa la sita likioza polepole, naye akifagia pembeni yake mpaka uzee.

"Mkono," akasema Bwana Gatien. "Mkono wa nani?"

Mzee Aristide akaonja tena. Akatembea mpaka ukutani, akarudi. Akahesabu kwa vidole.

"Mteremko ule tuko wawili. Mimi, na Onésime, marehemu. Mwaka themanini na tisa mimi nilikuwa kitandani, mguu juu kama bendera. Kwa hiyo si mimi." Ilionekana kabisa kwamba neno lililokuwa linakuja lilikuwa na miiba. "Ni Onésime."

Mtoto wa Onésime, Léonce, mwanamume mnene wa miaka hamsini, alikuwa anatafuna. Akaacha.

"Léonce," mzee akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa, "njoo hapa mwanangu. Kwa miaka arobaini nimesema divai ya baba yako ni ya kuoshea miguu ya mbwa."

"Ulisema ya paka pia," Léonce akasema.

"Na ya paka. Nilisema mbele ya padri. Nilisema kwenye mazishi yake."

"Ulisema kwa sauti."

"Nilikosea! Sikilizeni nyote! Aliyeponda divai hii alikuwa na subira kuliko mimi. Hakuisukuma, hakuipigia kelele, aliiacha ijiseme yenyewe. Mimi kila nikiingia pangoni nabishana na mapipa. Mtu huyu alikuwa anayasikiliza. Yule mwizi wa hatua moja na nusu alikuwa bwana wetu sote!" Akamkumbatia Léonce, ndara zao zikikanyagana.

"Endelea," Léonce akasema juu ya bega lake. "Rudia ile ya bwana wetu sote. Mke wangu anarekodi."

Bwana Gatien akakohoa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha nta nyekundu kilichokuwa juu ya kizibo, akakiweka kwenye kiganja cha Mzee Aristide.

Juu ya nta kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, mistari ya duara, kama mtu aliyeigonga kwa kikofia cha chuma cha kidole cha mshonaji. Upande mmoja duara lilikuwa na pengo. Nusu ya ndara zilizomo jumbani humo zilishonwa kwa kikofia kile, chenye pengo lile lile. Wanawake walielewa kwanza. Sauti ya "aaa" ikapita jumbani ikianzia nyuma.

Mzee alipitisha kidole gumba juu ya vishimo. Akapitisha tena.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Chini yako, Babu," Perrine akasema.

"Chini yangu wapi?"

"Benchi."

Alimwangalia. Akaangalia glasi. Akajishika makalioni polepole kwa mikono miwili, kama mtu anayehakikisha kama bado yapo.

"Nimeikalia," akasema. "Miaka thelathini na mitano. Nimeikalia hata na chakula cha mchana."

"Sasa yale maneno ya baba yangu?" Léonce akauliza.

"Nirudishie! Yote! Subira, kusikiliza, bwana wetu sote, nirudishie, yana mwenyewe!"

"Na radhi?"

Mzee akafikiri. "Radhi kaa nayo. Ni ya pipa nililolipiga."

Bwana Gatien alikuwa ameshakwenda ukutani kufungua pazia.

Bi Raymonde anadai mzee alimbusu Bi Fanny mara tatu, na mara ya tatu kwa hiari yake. Busu lilikuwa moja. Goti liligoma kukunjika, Bwana Gatien na Léonce wakamsukuma kwa nyuma, akambusu kwa kishindo. Kisha goti likagoma kunyooka, na mara mbili zilizofuata zilikuwa za paji la uso kuigonga picha alipokuwa anajaribu kuinuka. Lakini Jumba zima lilihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa hiyo Bi Raymonde ana mashahidi.

Kisha akaja kwa Perrine. Alitaka kuuvua ufunguo kwa heshima, ila uzi ulikwama kwenye sikio la kushoto, kisha kwenye miwani, kisha kwenye sikio lile lile tena. Alipofanikiwa kumvika, ufunguo ulikuwa wa moto kama yai lililotoka kutagwa. Perrine alitegemea ataambiwa jambo. Mzee akaenda kula mkate.

Perrine hakusubiri keki. Alitoka na ndara zake, akapita kwenye tope la barabarani, akafungua mlango wa pango, akaingia, akaufunga kwa ndani. Ubao wa benchi aliuinua na kuuegemeza ukutani. Kisha akaunganisha mpira kwenye pipa la sita, mwisho mwingine akauweka juu ya pipa tupu alilokuwa ameliosha tangu Krismasi, akaiacha divai idondoke kutoka juu, ivute hewa. Harufu ya yai ilipanda, ikazunguka, ikaanza kuondoka. Nyuma yake ilikuja nyingine, changa, ya matunda ya forosadi yaliyopondwa.

Mlango uligongwa kwa fundo la kidole, vile babu yake anavyogonga mapipa.

"Perrine."

Divai ilikuwa inashuka vizuri. Ukiiondolea macho dakika moja, takataka za chini huanza kupanda.

"Perrine, mjukuu wangu. Nimekuja na ndara, miguu imelowa."

Akasogeza mpira kidogo.

"Sikuja kwa ajili ya pipa. Pipa lifanye unavyotaka. Unaidondosha kutoka juu? Usinijibu. Fanya unavyotaka." Kisha sauti ikashuka, ikatokea kwenye tundu la ufunguo, maana yake alikuwa ameinama, na maana yake asingeweza kuinuka. "Zimebaki ishirini na tatu. Sitakunywa. Nataka kuziangalia tu. Nimeziangalia kwa mgongo miaka yote hii."

Upande wa pili wa ukuta wa mwamba, kwa Bi Raymonde, kitu cha kioo kiligusa jiwe, tik.

"Basi moja," mzee akasema. "Nusu. Mimina kwenye glasi uisogeze hapa tunduni, ninuse. Nina neno moja la kumwambia Berthe, nilikosa la kumwambia pale mbele za watu. Nifungulie, mwanangu."

Perrine alishika mpira kwa mikono miwili, akiitazama divai ya pipa la sita ikibadilika rangi kwenye mwanga wa taa. Ufunguo ulikuwa umeanza kupoa kifuani mwake. Nje, kwenye tundu, babu yake alikuwa anavuta hewa kwa pua moja, halafu kwa nyingine.

"Perrine? Nifungulie."